Wakili wa familia niliyempata baada ya kuumia mara moja, Nairobi

Jina la wakili huyu sitalitaja, kwa sababu kesi ilimhusu mwanangu na sitaki mtu aje kuunganisha mambo. Nitaeleza tu nilivyompata na kazi aliyonifanyia, maana njia hiyo yeyote anaweza kuipita.

Wakili wa kwanza nilielekezwa kwake na mwenzangu wa chama. Akapokea 30,000 "za kufungua faili" bila risiti, akaniapia kwamba nyumba ya Ruai, yangu na mume wangu, tutagawana nusu kwa nusu, hakuna mjadala, na tukishinda achukue asilimia kumi. Miezi mitano baadaye nilienda mwenyewe mahakama ya Milimani. Karani akatafuta jina langu mara mbili. Faili halikuwepo.

Muuguzi mwenzangu wodini ndiye aliyenionyesha tovuti ya LSK, chama cha mawakili wa Kenya. Unaandika jina la wakili, unaona kama ana cheti cha kufanya kazi ya uwakili cha mwaka huu. Cheti hicho huisha kila tarehe 31 Desemba, na wakili anatakiwa kujikusanyia alama 5 za mafunzo endelevu kwa mwaka. Yule wangu hakuwa nacho. Dakika mbili za simu zingeniokolea miezi mitano, na hilo bado linaniuma.

Lakini cheti hakikuambii wakili amebobea wapi. Anayeandika mikataba ya mashamba na anayepigania malezi ya watoto wanabeba karatasi ileile. Marekani wana chama cha mawakili wa ndoa, American Academy of Matrimonial Lawyers, kilichoanzishwa Chicago mwaka 1962, na hupokea waliokomaa katika kazi hiyo tu. Natamani sana LSK nayo itupe orodha ya namna hiyo. Kwa sasa ni wewe na maswali yako.

Nami nikauliza. Huyu wa pili, mama wa makamo, nilimuuliza kesi za watoto anazo ngapi kwa sasa. Alifungua daftari lake la tarehe za mahakama, akaweka bahasha juu ya safu ya majina, akaniacha nisome tarehe peke yake. Hapo ndipo nilipomwamini. Akifunika majina ya wenzangu, langu pia atalifunika.

Kuhusu nyumba hakunipaka mafuta. "Mama Neema, nusu kwa nusu haiji yenyewe. Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kila mmoja athibitishe mchango wake." Ila akanifafanulia kwamba Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu pia kazi za nyumbani na kulea watoto, si pesa tu. Akaniagiza nilete risiti za simiti na mabati, na kadi ya kliniki ya Neema iliyojaa sahihi zangu. Ile asilimia kumi alitikisa kichwa: Sheria ya Mawakili haitambui makubaliano ya kulipwa mkishinda tu.

Halafu kuna ile barua. Nilikuwa nimeandika kurasa nne za hasira juu ya mume wangu. Aliketi na penseli, akakata "mlevi asiye na haya", akakata aya nzima ya mama mkwe, na kila alipokata aliuliza, "Hii itamsaidia Neema vipi?" Zikabaki aya tatu. Ya kwanza ilimuuliza baba mtoto ni wikendi zipi hayuko kazini. Nilikasirika kiasi cha kuchukua mkoba niondoke. Akanisomea Kifungu cha 53 cha Katiba: wajibu wa baba na mama ni sawa, wawe wameoana au hawajaoana. Nikaketi tena. Mume wangu alijibu barua ile kwa siku nne, mtu ambaye hakuwa akipokea simu zangu.

Kasoro zipo. Nilisubiri saa nzima kwenye benchi siku mbili tofauti, na ujumbe wa simu unajibiwa baada ya siku mbili, jambo gumu ukiwa na hofu ya usiku. Nililipa 80,000 kwa awamu nne. Kwa mshahara wangu si kidogo, lakini kila awamu ilikuja na risiti na maandishi ya kilichofanyika. Dada asiye na uwezo huo aanzie FIDA Kenya, wamekuwa wakiwasaidia wanawake kisheria tangu 1985.

Malalamiko juu ya yule wa kwanza nimeyapeleka kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, nasubiri. Suala la nyumba bado liko kortini. La Neema tulilimaliza mbele ya mpatanishi, bila shahidi hata mmoja kupanda kizimbani. Anaenda kwa baba yake kila wikendi ya pili, na Jumapili jioni hurudi na sare ya shule imeshafuliwa.