CHADS2 au CHA2DS2-VASc: kipimo kipi kwa mgonjwa wa mpapatiko wa moyo?

Vyumba vya juu vya moyo vinapopapatika badala ya kusukuma damu sawasawa, damu hutuama na kuganda, na bonge lake likifika kwenye ubongo huleta kiharusi; ndiyo maana daktari huhesabu alama za hatari ya kiharusi (zikiwa nyingi, hatari ni kubwa zaidi) kabla ya kuamua kuhusu dawa za kuzuia damu kuganda.

CHADS2, ya mwaka 2001, hushinda kwa wepesi: moyo kushindwa kufanya kazi, shinikizo la juu la damu, umri wa miaka 75 au zaidi na kisukari hupewa alama moja moja, na kiharusi cha awali alama mbili. CHA2DS2-VASc, ya mwaka 2010, huuliza zaidi, kwani huongeza ugonjwa wa mishipa ya damu, umri wa miaka 65 hadi 74 na jinsia ya kike, na kuipa miaka 75 alama mbili.

Tofauti huonekana kwa wale wanaodhaniwa kuwa salama. Mama wa miaka 70 mwenye shinikizo la damu pekee hupata alama 1 kwa kipimo cha kwanza na 3 kwa cha pili, na kwangu hilo si jambo dogo. Kwa aliyekwisha kupata kiharusi, vyote viwili humwelekeza kwenye dawa, hivyo kile chepesi kinatosha. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2024 umeondoa jinsia katika hesabu ya kipimo cha pili.

Mgonjwa ambaye vali yake ya mitrali (mlango wa damu upande wa kushoto wa moyo) imebana sana kutokana na homa ya rumatiki, hali ambayo bado ipo Afrika Mashariki, hahitaji kipimo chochote kati ya hivi: huanzishiwa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, bila kuhesabiwa alama.