Uvimbe wa taya usiouma: uzoefu wangu wa picha na biopsi

Mwenye uvimbe wa taya usiouma asome hapa. Nazungumzia huduma niliyoipata kliniki ya kinywa, taya na uso katika hospitali moja ya rufaa Dar es Salaam.

Kituo cha kwanza, karibu na nyumbani, walinipa antibayotiki na kutaka kuning'oa gego lisilo na ubovu bila hata picha. Iliniudhi sana.

Kwenye rufaa walianza na picha ya panorama, yaani eksirei moja inayoonyesha taya zote. Unasimama, unang'ata kijiti cha plastiki, mashine inazunguka kichwa, basi. Daktari akanionyesha doa moja jeusi lenye ukingo mwembamba mweupe, limezingira gego la mwisho lililokwama ndani ya mfupa. Ukiangalia hivyo tu, ni uvimbe maji wa kawaida, na hata sindano ilivuta majimaji ya manjano. Mwingine angeishia hapo. Yeye akaniambia, "Mdogo wangu, picha inatuonyesha mahali na ukubwa. Jina la ugonjwa tutalipata maabara."

Siti skani, eksirei inayopiga picha za tabaka kwa tabaka, ikaonyesha mfupa wa upande wa ulimi umeshalika, kitu ambacho panorama haikukitoa. Ndipo ikaja biopsi, yaani kukata kinyama kidogo cha kupimwa maabara. Ganzi ni ileile ya kung'olea jino. Nilisikia kuvutwavutwa, maumivu hapana. Alikata ukuta wa uvimbe pale uliponenepa, kinyama cha ukubwa wa punje ya haragwe, akakitia kwenye kichupa cha fomalini, dawa ya kukihifadhi, akaandika jina langu na kunisomea kabla hakijaondoka. Hilo peke yake lilinipa imani nao.

Kusubiri majibu kulinichosha mno, na hakuna aliyepiga simu, nilifuatilia mwenyewe. Yakatoka: ameloblastoma, uvimbe wa taya unaotokana na chembe za kutengeneza meno. Kwa kawaida haisambai mwilini kama saratani, ila inakula taya, na ikikwanguliwa tu hurudi mara nyingi. Yangu ilikuwa imeshaingia ndani ya ukuta wa uvimbe, kwa hiyo watakata kipande cha taya pamoja na ukingo wa mfupa usio na ugonjwa, kisha waweke bamba la titani. Baada ya hapo ni kliniki na picha kwa miaka mingi, maana huweza kurudi hata muongo ukishapita.

Gharama si ndogo, hasa siti skani, hivyo ulizia bima yako mapema. Omba pia nakala ya picha na ya ripoti. Kinyama chenyewe maabara hukihifadhi ndani ya nta, na mtaalamu mwingine anaweza kukisoma upya ukitaka maoni ya pili.