Mayai ya Pasaka yenye nakshi za leso: uzoefu wangu na programu ya GIMP

Pasaka ya mwaka 2025, iliyoangukia tarehe 20 Aprili, ilinikuta na kazi ya kutengeneza kadi za watoto arubaini wa shule ya Jumapili katika kanisa letu la Mikindani, na nilitaka kila kadi iwe na yai lililopambwa kwa nakshi za kwetu Pwani. Miaka ya nyuma tulikuwa tukichemsha mayai halisi na kuyatia rangi, lakini kwa joto la Mombasa mayai hayo hayakai, na mtoto akishakula lake hana cha kumpelekea mamake nyumbani. Safari hii niliamua kuyapamba kwenye kompyuta, na programu niliyoichagua ni GIMP, ya kuhariri picha, ambayo hupatikana bila malipo na hufanya kazi katika Windows, macOS na Linux. Walioianzisha mwaka 1995 ni wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Toleo nililotumia mimi ni la 3.0, lililotoka Machi 2025, wakati nikiwa tayari nimeanza kuhangaika na kadi hizi.

GIMP haina zana ya kuchora umbo la yai. Ina duara, duaradufu na mstatili, na yai si mojawapo. Kwa hiyo nililiweka yai halisi juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha la jikoni, nikalipiga picha kwa simu, kisha nikalikata kwa zana ya kuchora njia, ambayo kwa nukta nne tu zilizovutwa vizuri huzunguka ganda lote. Faida ya picha halisi ni kwamba kivuli na mng'aro vimeshakuja vyenyewe, na hakuna brashi itakayokupa kivuli cha yai kama kile kinachotoka dirishani.

Yai la kwanza lilikuwa la gredi, la rangi ya kahawia, na hapo ndipo nilipopoteza jioni nzima. Nakshi huwekwa katika tabaka, yaani kama karatasi angavu, lililo juu ya picha ya yai, kisha tabaka hilo huwekwa katika hali ya kuzidisha, ambayo kwenye menyu imeandikwa Multiply. Programu huzidisha thamani ya rangi ya juu kwa thamani ya rangi ya chini, halafu hugawa kwa 255. Palipo peupe kabisa chini, nakshi hubaki na rangi yake, na palipo na kivuli, nakshi nayo huingia kivulini, kana kwamba imechorwa juu ya ganda lenyewe. Lakini juu ya ganda la kahawia, buluu yangu iligeuka ikawa kama maji ya matope. Siku ya pili nilinunua yai la kienyeji jeupe, nikaiondolea picha yake rangi zote ibaki nyeupe na kijivu, na buluu ikang'aa.

Nakshi zenyewe nilizitoa katika leso (kanga) ya marehemu nyanya yangu. Kila mtu wa Pwani anajua kwamba leso ina pindo (ukingo wake), mji (uwanja wa katikati) na jina (maandishi yake), na mpangilio huo ulilifaa yai kuliko nilivyotarajia: pindo likawa mikanda miwili, mmoja karibu na ncha na mwingine karibu na kitako, mji ukawa tumbo la yai, na nakshi ya korosho kubwa katikati, jina likakaa katika kisanduku chake chembamba chini ya korosho. Sikuinakili leso yenyewe, kwa kuwa mchoro wa leso una mwenyewe, bali nilizichora korosho upya kwa mkono wangu. Baadaye niligundua kwamba wachoraji wa pysanka, mayai ya Ukraine yanayopambwa kwa nta na rangi, nao hutangulia kuligawa yai kwa mikanda kabla ya kujaza nakshi. Sanaa hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2024.

Kazi iliyonifurahisha zaidi ni ya kuipinda nakshi ifuate mviringo. Kuna chujio linalolivimbisha tabaka kama tufe, na likishawekwa, mkanda ulio juu ya kitovu hupinda kama upinde wa mvua na ulio chini yake hupinda kama tumbo la mashua. Katika toleo la 3.0 chujio hilo halimezwi na picha. Unaweza kulirudia kesho ukaongeza au ukapunguza uvimbe. Hata maandishi hubaki maandishi. Kwenye jina niliandika «Amefufuka kweli kweli», na nilikuwa nimeshalipinda ndipo nikaona kwamba herufi moja ya «kweli» imeruka. Nilibofya, nikairudisha, na mpindo ukabaki ulivyo. Tatizo ni kwamba yai limechongoka juu na tufe halikuchongoka, kwa hiyo ncha huhitaji kusukumwa kwa zana ya kuvuta picha, na zana hiyo hubadilisha pikseli zenyewe. Tengeneza nakala ya tabaka kabla ya kuigusa.

Kwenye laptopu yangu yenye kumbukumbu ya GB 4, kila mvuto ulichukua muda, na mwenye simu pekee hataweza kuitumia programu hii.

Kosa kubwa lilikuwa langu. Faili la kwanza nililipeleka kwa mpiga chapa likiwa na upana wa pikseli 600, na mayai yakatoka na ukungu. Kadi ya A6 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 1240 kwa 1748, na ni lazima uiweke hesabu hiyo siku ya kwanza, kabla ya kuchora chochote. Kijani nacho kilififia kwenye karatasi, kwa sababu kioo hutoa mwanga na mashine ya chapa hutumia wino wa rangi nne. GIMP 3.0 inaweza kukuonyesha mapema rangi zitakavyotoka, mradi uwe na wasifu wa rangi wa mashine hiyo, yaani faili linaloeleza jinsi inavyotoa rangi. Sasa naomba kadi moja ya majaribio kwanza.

Siku ya Pasaka, watoto kadhaa walipopewa kadi waliigeuza kutafuta upande wa pili wa yai. Nimeshaanza kuuchora, faili la XCF, ambalo ni la GIMP yenyewe, limeyahifadhi matabaka yote, na mkanda wa pindo unaendelea pale ulipokatika.