Sheli ya jina kubwa au ya mtaani: ipi inabana mafuta?

Ubishi huu hapa Dodoma hauishi. Petroli ya nchi nzima huagizwa kwa pamoja na kushushwa Dar es Salaam, Tanga au Mtwara, kwa hiyo lita ya sheli kubwa na ya sheli ndogo huenda zimetoka meli moja. Kwenye ulaji wa mafuta sioni mshindi. Tairi lenye upepo mdogo litakukamua zaidi.

Kwa bei, EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila mwezi, na zipo sheli ndogo zinazouza chini yake. Hapo zinashinda. Kwa matunzo, baadhi ya kampuni kubwa huongeza viambato vya kusafisha nozeli za injini. Faida yake huja taratibu.

Uhakika ndio unaoniuma. Mwezi wa pili, mvua imekolea, nilijaza kwenye sheli moja isiyo na wateja njia ya Kondoa. Kilomita chache mbele gari likaanza kukwamakwama. Fundi akakinga petroli kwenye chupa, tukaona maji yametulia chini.

Ukipiga bodaboda au teksi mjini, sheli ndogo yenye foleni inakutosha, mafuta yake hayalali. Ukitoka usiku kwenda Singida na familia, jaza kwenye jina unaloliamini, na risiti uichukue.