Uagizaji wa mafuta kwa pamoja Tanzania: kununua wanajua, kuhifadhi bado

Anayejaza tangi Songea au Dodoma hakutani popote na PBPA, yaani Wakala wa Uagizaji wa Mafuta kwa Pamoja, ila wakala huyu wa Serikali ndiye anayeamua meli ipi ilete mafuta, lini na kwa gharama gani.

Kwenye manunuzi tunampa alama za juu. Kampuni za mafuta hupeleka mahitaji yao, PBPA huyaunganisha kuwa shehena kubwa na kuitisha zabuni. Hushinda mwenye premiamu ndogo, yaani kile anachotoza kwa kila tani juu ya bei ya soko la dunia: usafiri, bima na faida yake. Tani moja ya dizeli ni kama lita 1,180. Kwa hiyo premiamu ya dola 40, dola ikiwa sh 2,500, inaingiza karibu sh 85 kwenye kila lita. Ukiipunguza kwa dola tano tu, nchi nzima inapata nafuu. Kampuni ndogo ikiagiza peke yake haiwezi kupata bei hiyo.

Shida huanza meli inapofika. Dizeli hushushwa Dar es Salaam kwenye SBM, boya la baharini la Mjimwema, linalopokea meli za hadi tani 150,000. Petroli hupita KOJ, gati la mafuta la Kurasini, kwa meli ndogo zaidi, kisha husukumwa kwa zamu kwenda maghala ya kampuni mbalimbali. Ghala moja likijaa, zamu inasimama na meli inasubiri. Chukua meli ya tani 40,000 inayotoza dola 20,000 kwa siku: ikikaa siku kumi, ni dola tano kwa tani, kama sh 9 kwa lita ya petroli. Gharama hiyo imo kwenye kanuni ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ya kukokotoa bei kikomo, kwa hiyo mlipaji ni wewe. Dawa yake ni kushusha mafuta sehemu moja, kupima mara moja, kisha kugawa. Ndiyo maana mradi wa TPA (Mamlaka ya Bandari) wa matanki 15 Kigamboni, yenye jumla ya mita za ujazo 378,000, tunauona ni wa lazima kuliko boya au gati jingine.

Kwenye akiba ndipo huduma inapopwaya. Ukisikia nchi ina mafuta ya siku kadhaa, uliza kwanza: ya nani? Mengi yaliyo kwenye maghala ya Dar es Salaam ni ya Zambia, Kongo na majirani wengine. Yanayobaki ni bidhaa ya biashara, na mwenye nayo huyauza anapotaka. Kanuni za mwaka 2014 ziliipa TPDC, shirika la Serikali la mafuta, jukumu la hifadhi ya kimkakati. Hifadhi hiyo inahitaji fedha na matanki yake yenyewe. Uhaba wa dola wa 2023 ulionyesha sababu: zabuni inaweza kwenda vizuri kabisa, halafu kampuni ikakosa dola za kulipia shehena.

Kwa mwenye malori au jenereta: bei mpya hutoka Jumatano ya kwanza ya mwezi, na hubeba gharama za shehena zilizopokelewa mwezi uliotangulia. Soko la dunia likipanda, baadhi ya vituo huficha mafuta siku chache kabla ya hapo, kwa hiyo jaza mapema. Bei kikomo ya wilaya yako iangalie kwa kupiga *152*00# kwenye simu, na usiondoke bila risiti ya kielektroniki. Bila hiyo malalamiko yako hayana ushahidi.