Mapitio ya huduma ya Mzalendo inayofuatilia Bunge la Kenya

Tovuti ya Mzalendo ilianzishwa mwaka 2005 na Ory Okolloh na Conrad Akunga, baada ya tovuti ya Bunge la Kenya kufungwa kwa sababu baadhi ya wabunge hawakupendezwa na wasifu wao kuanikwa hadharani. Leo Bunge lina tovuti yake, na Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, hupatikana humo, lakini kwa mwananchi anayetaka kujua mbunge wake alisema nini kuhusu ardhi au bima ya afya, Mzalendo ingali rahisi zaidi kutumia. Unatafuta kwa jina la mbunge au la eneo bunge, nayo inakuletea hotuba zake zote pamoja. Kwa nchi yenye wabunge 349 na maseneta 67, bila kuwahesabu Maspika, huo si msaada mdogo, hasa kwa shirika dogo la kaunti lisiloweza kuajiri mtu wa kushinda akifukua kumbukumbu za vikao.

Kinachoipatia Mzalendo umaarufu zaidi ni ripoti yake ya kila mwaka inayoonyesha nani alizungumza mara nyingi na nani hakufungua kinywa. Magazeti huisubiri kwa hamu, na wale wanaoitwa wabunge mabubu hujikuta wakijitetea mbele ya wapiga kura. Kwa maoni yangu, hapa ndipo huduma hii ilipo dhaifu. Kipimo hicho hutegemea michango iliyonakiliwa katika kikao cha Bunge zima, ilhali kazi nzito ya kuchambua mswada kifungu kwa kifungu hufanyika katika kamati. Mbunge anayesimama kila siku kutoa pongezi hupata alama, huku mwenzake aliyerekebisha vifungu vitatu vya sheria kamatini akionekana mzembe. Waandaaji wenyewe hawalifichi hilo, ila vichwa vya habari havina nafasi ya tahadhari kama hizo.

Jukwaa lao la Dokeza linastahili sifa zaidi, ingawa halizungumzwi sana. Humo mtu husoma mswada na kuweka maoni yake kwenye kifungu husika. Ibara ya 118 ya Katiba ya 2010 inalitaka Bunge lishirikishe umma katika utungaji wa sheria, lakini tangazo la kualika maoni mara nyingi huja gazetini likiwa na muda mfupi, na anayeliona amechelewa hubaki kulalamika tu. Maoni yaliyopangwa kwa vifungu humfaa pia karani wa kamati, ambaye vinginevyo hupokea lundo la barua ndefu zisizotaja zinazungumzia sehemu gani ya mswada.

Lakini njia hiyo ina upande mmoja tu. Ukishatoa maoni, ni vigumu kujua kama kamati iliyakubali au iliyakataa, na kwa sababu gani. Suala hilo lilifika mahakamani: tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufani ilibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, ikitaja miongoni mwa sababu zake kwamba Bunge halikueleza kwa nini lilikubali au kukataa maoni ya wananchi. Mahakama ya Juu iliitengua hukumu hiyo mwezi Oktoba mwaka huohuo, lakini kiu ya kupewa jibu haikuisha kwa hukumu hiyo. Ningependa kila maoni yaliyowekwa Dokeza yaambatanishwe na kile ripoti ya kamati ilichosema kuyahusu. Ripoti hizo ni nyaraka za umma. Kinachohitajika ni mtu wa kuziunganisha, na kwa hilo Bunge lenyewe lingefaa kuchangia makarani wake.

Suala la lugha nalo halijatatuliwa. Ibara ya 120 inataja Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi za Bunge, ilhali maelezo mengi ya Mzalendo yako kwa Kiingereza, kama ilivyo miswada yenyewe. Muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili kwa kila mswada mkubwa ungeiongezea huduma hii wasomaji ambao ripoti ya alama haijawahi kuwafikia.