Upinde upi ununue ukiwa Tanga: tunazipanga kuanzia wa kwanza

Kila anayetaka kuanza kupiga mishale huuliza mti: upinde wa mti gani, wa rangi gani, wa Kiingereza au wa Kituruki. Kabla ya mti kuna uzito. Je, mkono wako unaweza kuuvuta, ukatulia na kulenga bila kutetemeka? Nimeona pinde nzuri zikitundikwa ukutani hapa mjini kwa sababu mwenyewe alinunua nguvu asiyoimudu.

Uzito huu, yaani nguvu inayohitajika kuuvuta, hupimwa kwa paundi, ugwe (kamba ya upinde) ukiwa umevutwa inchi 28. Kwa kawaida huandikwa kwenye mkono wa upinde (kila upande unaopinda, juu na chini ya mpini), kwa mfano 30# @ 28", yaani paundi 30 kwa inchi 28. Usipofika inchi 28, unapungua kama paundi mbili au tatu kwa kila inchi. Kujua mvuto wako, yaani umbali unaoweza kuuvuta ugwe, nyoosha mikono yote miwili pembeni, mtu akupime kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kisha gawa kwa 2.5. Mwenye sentimita 175 anapata 70, yaani inchi 27 na nusu hivi.

Mtu mzima anayeanza anunue wa paundi 25 hadi 30. Kijana au mwenye mwili mdogo, 20. Najua wapo wenye vifua, wanaopakua magunia tangu alfajiri, watakaoona hiyo ni dharau. Si dharau. Upinde huvutwa na misuli ya mgongo iliyo kati ya mabega, na misuli hiyo hujifunza kazi yake polepole. Pinde zilizopatikana ndani ya Mary Rose, meli ya kivita ya Uingereza iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa 1982, zinakadiriwa kufika paundi 100 na kupita, lakini wapiga mishale wa zama zile walianza kuvuta tangu utotoni.

Wa kwanza kwangu ni rikavu ya vipande vitatu. Ncha zake zimepinda kwenda mbele, mpini wa mbao uko katikati, na mikono miwili ya mbao iliyobanwa kwa faiba hufungwa kwa skrubu. Sababu kubwa ya kuupa nafasi ya kwanza ni kwamba mgongo ukishakomaa hununui upinde mwingine, unanunua mikono mizito zaidi na kuifunga kwenye mpini uleule. Samick Sage, ambao umefunza watu wengi duniani, una inchi 62 na mikono yake huuzwa kuanzia paundi 25 hadi 60. Ukiufungua unaingia kwenye begi la kawaida, unapanda nao basi la Muheza bila maswali mengi, na hata mzigo wa kuagizwa nje unakuwa mfupi. Mwenye mvuto wa inchi 28 au zaidi atafute wa inchi 64 au 66, kwani upinde mfupi ukivutwa sana ugwe hukunja pembe kali na kubana vidole. Ukiwa na fedha zaidi, tafuta mpini wa mfumo wa ILF, unaopokea mikono ya kampuni yoyote inayofuata mfumo huo.

Wa pili ni upinde mrefu uliobanwa kwa faiba, inchi 66 au 68. Moyo wangu uko kwenye huu. Ni mwepesi mkononi, hauna makuu, na ukikosea kidogo kuachia ugwe unakusamehe kuliko pinde fupi. Nimeuweka wa pili kwa sababu uzito ulionunua ndio utakaokaa nao, wengi ni wa kipande kimoja hivyo kuusafirisha ni kazi, na baadhi hutikisa mkono wakati mshale unatoka.

Wa tatu ni upinde wa wapanda farasi, wa mtindo wa Kituruki, Kikorea au Kihungari. Hauna kibao cha kulaza mshale. Mshale hulala juu ya ngumi, kwa hiyo wa mkono wa kulia na wa kushoto wote wanautumia. Kulenga kwake kunadai subira zaidi. Chukua wa faiba tu. Ule wa asili wa pembe na kano hushikwa kwa gundi ya wanyama, na unyevu wa pwani yetu ni adui wa gundi hiyo.

Rikavu fupi ya kipande kimoja, kama Bear Grizzly wa inchi 58, ni chombo cha mwindaji anayepita vichakani. Kwa mwanafunzi, mpaka baadaye.

Wa mwisho kwenye orodha ya kununua, si kwa heshima, ni upinde wa mti mmoja. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi wanawinda nao hadi leo. Tatizo ni hewa yetu: mti ukinywa unyevu hulegea, ukabaki umejikunja hata ukivuliwa ugwe, na nguvu inapungua. Nunua kwa fundi aliyeukausha vizuri na aliye tayari kuuvuta mbele yako. Zile pinde za kwenye maduka ya vinyago ni mapambo, usizivute kabisa.

Upinde wowote, usiuache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Joto lile hulainisha gundi na matabaka yakaachana. Usifyatue ugwe bila mshale. Nguvu yote hurudi kwenye mikono na inaweza kuipasua. Ukimaliza, vua ugwe kwa kamba yake maalumu, usiukanyage upinde kwa mguu kwani mikono hupinda upande.

Usimalize fedha zote kwenye upinde. Kuna mishale sita, kinga ya mkono na glavu ya vidole. Mishale iwe na manyoya halisi, maana ya plastiki hugonga kibao na kuyumba. Wakati wa masika yafunike, yakilowa hulala. Ugumu wa mshale ulingane na upinde: kwenye mishale ya kaboni namba kubwa ni mshale laini, na wa paundi 30 mara nyingi hukubali 600 au 700. Shabaha ni gunia la katani lililoshindiliwa matambara, na nyuma yake pawe tupu kabisa. Ufukwe wa Raskazone wenye watoto haufai. Kuwinda ni jambo jingine linalohitaji kibali cha serikali.

Ukiagiza nje, uliza kwanza usafiri na ushuru. Ukinunua uliokwisha kutumika, uvishe ugwe na uutazame kutoka ncha moja: ugwe upite katikati ya mikono yote miwili. Pitisha kidole pembeni mwa faiba ukitafuta ufa au tabaka lililoachia. Kisha uuvute pole mara kadhaa na kuurudisha bila kuachia. Ukisikia mlio wa kupasuka, mrudishie mwenyewe hata akikupunguzia bei nusu.